BASTOLA YA KIKI, TOCHI IMEJAA MASIZI!

Wadau, leo nasema bila kupepesa macho. Kuna mastaa wetu, majina kapuni, wanaouza sura mitandaoni na bastola yenye tochi chini ya mtutu. Cheni inang'aa, saa inang'aa, kioo cha tochi cheusi tii!

Kule Kituntu, Karagwe, aliyekua na taa ya chemli anajua: kioo kikishika masizi, mwanga unakufa hata mafuta yakijaa. Bastola ni vilevile. Kila risasi inapotoka, moshi wa baruti unafoka mdomoni mwa mtutu na kugandia kwenye kioo cha tochi. Usipofuta, umebeba pambo. Usiku umeme umekatika, kuna mtu sebuleni. Mwizi, au mdogo wako anatafuta maji? Tochi haikuonyeshi, kidole kipo kwenye triga. Msiba huo.

Eti huna muda? Wa selfi unao! Toa magazini, hakikisha chemba haina risasi, bandua tochi, futa kioo kwa kitambaa laini. Usikwangue kwa kisu. Kisha nawa mikono, maana masizi hayo huwa na madini ya risasi, ni sumu.

Na funguo zikipotea, tumia tochi ya simu. Ukimmulika mtu kwa ile ya bastola, umemwelekezea mtutu!

Sheria ya silaha ya 2015 inakutaka uwe na leseni. Leseni haifuti kioo. Kama hilo tu linakushinda, bro, silaha hujaiweza.

Wadau, mnasemaje?