Usaili Usio wa Haki

Linapotajwa neno dhuluma kazini, fikra zetu huenda upesi kwa kibarua wa shambani au mtumishi wa nyumbani. Ni mara chache twamkumbuka kijana aketiye mbele ya kompyuta, ambaye watu humdhania amekwisha kuupata. Hata hivyo watunga programu za kompyuta wana malalamiko juu ya namna wanavyosailiwa, nasi tumeyapima tukaona yana msingi.

Mwaka 2015, huko Marekani, Max Howell alitangaza kwamba kampuni ya Google ilimkataa kwa kuwa alishindwa kupindua mti ubaoni. Mti huo si wa msituni. Ni namna ya kupanga habari ndani ya kompyuta, kila shina likitoa matawi yasiyozidi mawili. Kuupindua ni kuhamisha ya kulia yawe kushoto, na ya kushoto yawe kulia. Howell ndiye aliyeanzisha Homebrew mwaka 2009, programu inayotumiwa na mafundi wengi kupakia programu nyingine katika kompyuta zao, na alidai kwamba wahandisi wengi wa Google waliitumia. Hayo ni maneno ya upande mmoja, na mwajiri ana haki ya kuchagua. Lakini yatupasa kuuliza: ikiwa kazi ya mikono ya mtu iko mezani tayari, ubao wapima nini?

Jibu moja lilipatikana mwaka 2020. Watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State, pamoja na kampuni ya Microsoft, waliwapa wanafunzi 48 swali la aina hiyo. Wengine walilifanya ubaoni huku wakitazamwa na kutakiwa kueleza kwa sauti. Wengine walifanya peke yao katika chumba. Waliotazamwa walipata chini ya nusu ya alama za wenzao. Wanawake wote waliotazamwa walishindwa, na wote waliofanya faraghani walifaulu, ingawa idadi yao ilikuwa ndogo. Basi kinachopimwa hapo ni ujasiri wa kusimama mbele ya watu. Ni kama kumsaili seremala kwa kumnyima randa na msumeno, kisha kumtaka asimulie kiti.

Lililo zito zaidi kwetu ni jasho lisilolipwa. Kampuni nyingine humpa mwombaji kazi ya kwenda kuifanyia nyumbani, wakisema ni ya saa chache, naye huimaliza kwa siku mbili tatu. Hufuata usaili wa pili, wa tatu, hata wa tano. Anayesaili analipwa mshahara kwa kila saa ya zoezi hilo; anayesailiwa halipwi hata nauli. Kijana asiye na mzigo aweza kustahimili. Mama mwenye mtoto mchanga, au mtu anayemuuguza mzazi baada ya zamu yake ya mchana, atautoa wapi usiku wa ziada? Hivyo huondolewa kimya kimya, na kampuni husema hakufaa.

Na mwisho wa yote, mara nyingi hakuna jibu. Wiki zapita. Mtu hajui kama amekataliwa au amesahauliwa.

Tunakiri kwamba waajiri nao wana shida yao: waombaji ni wengi, na wapo wanaojisifia ufundi wasio nao. Ni halali kuwapima. Basi wapimwe kwa kazi inayofanana na ile watakayoifanya, wakiwa na zana zao, na kama jaribio lachukua siku nzima, siku hiyo ilipwe.

Ninyi viongozi walei mlio na madaraka ya kuajiri, katika kampuni, shule au ofisi yoyote, hamhitaji kusubiri sheria. Mwambieni mwombaji tangu mwanzo atasailiwa mara ngapi. Na yule msiyemchukua, mwandikieni barua ya mistari mitatu, mkimtajia sababu, kabla mwezi haujaisha.