MCHEZA KWAO HUTUNZWA, NA MFUNZA KWAO JE?

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Nina dukuduku ambalo limenikaa rohoni tangu muhula wa kwanza, na kwa kuwa wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nimeona heri niliseme hapa jaridani kabla halijapasuka.

Mnakumbuka jinsi timu yetu ya wasichana ya mpira wa kikapu ilivyonyukwa katika mashindano ya kaunti ndogo: pointi 41 kwa 9. Tisa! Tulirudi ndani ya basi kimya kama watu waliotoka matangani, na mvua ya mawe ikitupigia bati juu. Kesho yake nilisikia kwa masikio yangu kijana mmoja (jina ninalo ila silitaji) akisema kwenye foleni ya uji kwamba wasichana wa huku kwenye chai ni wa kukimbia tu, mambo ya kikapu tuwaachie watu wa Nairobi na wa pwani.

Sikumjibu siku hiyo. Namjibu leo. Ndugu yangu, wale wasichana wa Kaya Tiwi kule Kwale waliowahi kuwa mabingwa wa shule zote za Kenya hawakuzaliwa na mpira mkononi. Walifunzwa. Sisi nani alitufunza? Mwalimu wetu wa michezo ni mwalimu wa Hisabati, mtu mwema kupindukia, na asinikasirikie akisoma haya. Yeye mwenyewe hutuambia hajawahi kucheza kikapu hata siku moja. Hukaa kando ya kiwanja na kile kitabu cha sheria, akipuliza kipenga kila anapoona mtu amekimbia na mpira bila kuudundisha. Anajua kosa likitokea. Namna ya kulikwepa hawezi kutuonyesha, na si kosa lake.

Maoni yangu ni haya: timu ya wasichana ifunzwe na mtu aliyeucheza mchezo wenyewe, na ikiwezekana awe mwanamke. Kabla hamjanizomea, niwapeleke kwanza mbali kidogo, hadi Marekani, kwa mama mmoja aitwaye Dawn Staley.

Mama huyu alizaliwa mwaka 1970 mjini Philadelphia, akakulia katika mtaa wa nyumba za serikali wa watu maskini, kitinda mimba katika watoto watano. Kimo chake ni kama sentimita 168, yaani si mrefu kuliko wengi wetu. Msituambie tena kwamba kikapu ni cha twiga! Alichezea Chuo Kikuu cha Virginia kuanzia 1988 hadi 1992, akaifikisha timu yake mara tatu mfululizo katika nne bora za vyuo vya nchi nzima. Mwaka 1991 walifika fainali wakafungwa na Tennessee kwa pointi 70 kwa 67 baada ya muda kuongezwa, na ajabu ni kwamba yeye aliyeshindwa ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Alihitimu bila kuushika ubingwa wa vyuo hata mara moja.

Halafu akacheza kwa kulipwa. Alianzia ng'ambo, maana siku hizo Marekani haikuwa na ligi ya kulipwa ya wanawake, kisha nyumbani ligi zilipoanzishwa. Katika WNBA alichezea Charlotte Sting tangu 1999 na akamalizia Houston Comets mwaka 2006. Medali za dhahabu za Olimpiki anazo tatu, za 1996, 2000 na 2004, na katika ufunguzi wa michezo ya Athens mwaka 2004 ndiye aliyeibeba bendera ya nchi yake.

Sasa nisikilizeni hapa. Mwaka 2000, angali mchezaji, Chuo Kikuu cha Temple cha mjini kwao kilimwomba awe kocha wa timu ya wanawake. Yeye hakuwa na haja na ukocha! Hakuwahi kuuota. Lakini wakubwa wa chuo walimbembeleza mpaka akakubali, na kwa miaka kadhaa akawa anafanya kazi mbili: majira ya baridi anafunza, majira ya joto anavaa jezi na kucheza. Sisi tunaolalamika kwamba somo la ziada na mazoezi haviwezi kukaa katika siku moja, tutafakari hilo.

Mwaka 2008 alihamia Chuo Kikuu cha South Carolina. Mnadhani alifika na kushinda papo hapo? La hasha! Msimu wake wa kwanza alishinda mechi 10 akapoteza 18. Wa pili akashinda 14, akapoteza 15. Hebu fikirieni ingekuwa huku kwetu. Ukipoteza mechi 18, si utaambiwa urudishe filimbi na funguo za stoo? Wao walimngoja. Mwaka 2017 timu yake ilichukua ubingwa wa nchi, yaani miaka 25 tangu yeye mwenyewe aondoke chuoni mikono mitupu. Wakauchukua tena 2022, na tena 2024 bila kupoteza mechi hata moja, 38 kwa sufuri, wakiwamaliza Iowa katika fainali kwa 87 kwa 75. Katikati ya hayo aliiongoza timu ya taifa ikapata dhahabu katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021. Na mwaka huohuo wa 2021 chuo kikampa mkataba wa miaka 7 wa dola milioni 22.4, ili mshahara wake usipungukie ule wa kocha wa timu ya wanaume. Hapo nimewasikia wavulana mkiguna. Guneni tu.

Kuna atakayesema: aliyecheza vizuri si lazima afunze vizuri. Kweli kabisa, wala sibishi. Magic Johnson, ambaye kila mpenda kikapu amelisikia jina lake, alipewa timu yake ya zamani ya Lakers aifunze mwaka 1994. Akashinda mechi 5, akashindwa 11, akaona isiwe tabu, akaenda zake. Kwa hiyo kucheza peke yake hakutoshi. Lakini Staley alicheza nafasi ya yule anayeupandisha mpira na kuwagawia wenzake, ambaye kazi yake ni kujua kila mmoja yuko wapi na anataka nini. Mtu wa namna hiyo alikuwa ameanza ukocha zamani, ila alikuwa hajapewa jina hilo. Isitoshe, yeye anajua uchungu wa kufungwa fainali kwa pointi tatu. Msichana akilia chumba cha kubadilishia nguo, kocha kama huyo hahitaji kitabu cha sheria.

Jambo lililonigusa zaidi ya medali zote ni habari ya wavu. Kule Marekani, timu ikichukua ubingwa wa vyuo hupanda ngazi na kuukata wavu wa kikapu, kila mmoja akabaki na kipande. Carolyn Peck, mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa kocha wa timu bingwa ya wanawake wa vyuo, akiwa na Purdue mwaka 1999, alimpa Staley kipande cha wavu wake kama wa kumwambia zamu yako inakuja. Staley aliposhinda 2017, akaukata wavu wake vipande vidogo vidogo akawatumia makocha wanawake Weusi wenzake wa vyuo mbalimbali. Mimi niliposimuliwa hayo niliangalia pete ya kikapu chetu pale nyuma ya maktaba. Chuma kitupu! Hata wavu wa kukata hatuna.

Niliyesimuliwa naye ni nani? Hapo ndipo penye dukuduku langu.

Kuna dada mmoja aliyesoma papa hapa shuleni. Aliichezea timu yetu, akaenda chuo akaichezea timu ya chuo, kisha akachezea klabu moja Nairobi katika ligi ya nchi kwa misimu kadhaa mpaka goti likamsumbua. Akarudi nyumbani. Siku hizi ni karani wa kupima majani katika kituo cha kununulia chai kule bondeni, na mama zetu wengi wanamjua kwa sababu mizani yake haipunji mtu. Jumamosi, lori la kiwanda likishabeba majani, dada huyu alikuwa akija kutufunza. Alikuja Jumamosi tano.

Jumamosi ya kwanza hakutupa mpira. Alitusimamisha, akatuambia tufumbe macho, kisha tutaje kila mwenzetu amesimama wapi. Hakuna aliyeweza. Akacheka, akasema, "Nyinyi mnautazama mpira. Mpira hauna akili. Tazameni watu." Jumamosi ya tatu tulikuwa tunapasiana bila kuangaliana, na kwenye tope, maana mnajua huku kwetu mvua ya saa tisa haikosi. Aliwajua wenye haya kati yetu akawaita pembeni. Kuna mambo ya mwili wa msichana na mazoezi ambayo hakuna hata mmoja wetu angethubutu kumuuliza mwalimu mwanamume. Yeye aliyasema waziwazi, kama anayeongea na wadogo zake nyumbani.

Jumamosi ya sita alizuiwa langoni. Aliambiwa kwamba mtu asiyeajiriwa na shule haruhusiwi kukaa na wanafunzi bila barua, na kwamba hakuna fungu la kumlipa hata nauli. Wiki mbili baadaye tukaenda kaunti ndogo. Matokeo ni yale 41 kwa 9, ingawa zile tisa zote zilitokana na pasi zake.

Sitaki nieleweke vibaya. Sheria ya lango ni nzuri. Sisi wasichana ndio ya kwanza kutulinda, na ningeogopa sana shule ambayo mtu yeyote anaingia tu na kusema yeye ni kocha. Lakini sheria inasema barua, haisemi marufuku. Dada ana cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi, maana alikihitaji kwa kazi yake ya mizani. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa chini aiandike hiyo barua.

Na si shule yetu pekee. Mwaka 1994 wasichana wa Kenya walicheza Kombe la Dunia la mpira wa kikapu kule Australia. Naam, Kenya! Tangu hapo hatujarudi. Najiuliza ni shule ngapi za sekondari zimewahi kumwita hata mmoja wa wale akina mama asimame kiwanjani na kusema alichokiona. Katika riadha hatuko hivi. Huku kwetu, alikozaliwa Wilson Kiprugut Chumo aliyeipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1964, utamkuta mkimbiaji mstaafu alfajiri kando ya barabara ya murram, saa mkononi, akiwafokea vijana wa jirani wasiomlipa hata kikombe cha chai. Hakuna anayemuuliza barua. Kwa nini mbio zina wazee wake na kikapu kiwe yatima?

Nimemuuliza dada kama bado anataka kuja. Alinyamaza kidogo, akaendelea kuandika kilo za mama mmoja kwenye kitabu chake, kisha akasema, "Mkinialika kama mtu, nitakuja. Sitakuja kuchungulia kwenye ua." Hataki mshahara. Anataka nauli ya siku za mvua, mipira mitatu isiyovuja, na barua yenye muhuri wa shule.

Basi, Mheshimiwa Mwalimu Mkuu, mlezi wa chama amenihakikishia kwamba wewe huwa unalisoma jarida hili kabla ya mtu mwingine yeyote. Barua yenyewe ni ukurasa mmoja. Muhula wa kwanza wa mwakani unaanza Januari, na mashindano yako Februari. Kituo cha chai ni mwendo wa nusu saa kwa njia ya mtoni, na Jumamosi lori huwa limeondoka saa saba. Mimi niko tayari kuipeleka.