Ziarani Tule Wapi?

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Ukiwauliza wanafunzi wa shule hii wanachokumbuka kuhusu ziara ya mwaka jana kule Mombasa, wengi watakutajia twiga na bahari. Mimi nakumbuka sahani ya wali.

Tulitoka Voi alfajiri. Asubuhi tulizuru Haller Park, Bamburi. Mahali hapo zamani palikuwa machimbo matupu ya kampuni ya saruji, hadi mwaka wa 1971 Dkt. René Haller alipoanza kupanda mivinje. Jongoo walikula majani yaliyoanguka, udongo ukapatikana, na leo pana msitu. Somo zuri sana!

Balaa lilianza saa ya chakula. Tulikuwa tumelipiwa hotelini, karibu na ufuo. Tulingoja saa mbili nzima, na njaa ilituuma si kidogo. Hatimaye tukaletewa wali, kipande cha kuku na soda. Tulipofika Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, jua lilikuwa linashuka. Tulipitishwa mbio mbio kama mbuzi wanaorudi zizini.

Dereva wetu na makanga wake hawakuingia hotelini. Walikula kibandani wali na maharagwe ya nazi kwa shilingi 150, wakalala usingizi, wakaamka. Sisi bado tulikuwa tunangoja. Dereva akacheka, "Nyinyi mmelipia mandhari."

Lakini hilo silo linaloniuma zaidi. Ada ya ziara ilikuwa shilingi 2,300, na 900 kati yake ilikuwa ya hicho chakula. Rafiki yangu, ambaye hutushinda sote katika Historia, mama yake alipata 1,500 tu. Akabaki nyumbani. Hebu piga hesabu mwenyewe: pesa za basi na viingilio zilitimia. Kilichomkosesha Fort Jesus ni kipande cha kuku!

Kwa maoni yangu, pesa za chakula zitengwe na ada ya ziara. Anayetaka kubeba chapati na mayai kutoka kwao abebe, mradi tuulize mapema kama tunakokwenda wanaruhusu chakula cha nje. Wengine tule Mji wa Kale, hatua chache tu kutoka Fort Jesus. Huko na mitaa ya jirani kuna mahamri kwa mbaazi, viazi karai, na mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Mwenye kiu anywe dafu. Isitoshe, vyakula hivyo ni sehemu ya utamaduni wa Waswahili, nasi ni Chama cha Kiswahili! Mtu atasomaje habari za mbaazi za nazi vitabuni, kisha afike Mombasa aletewe chipsi?

Najua walimu wetu wataniuliza, "Je, mkiharisha?" Swali hilo ni la haki, maana mwalimu ndiye atakayejibu kwa wazazi. Basi tuwekeane masharti: tule chakula kinachotoka jikoni kikiwa moto, tunawe mikono kwa sabuni, tusinunue matunda yaliyokatwa na kuachiwa nzi, na maji ya kunywa tutoke nayo nyumbani. Mwalimu mmoja atangulie kukagua kibanda. Hata hotelini, chakula kilichopoa kinaweza kumdhuru mtu.

Wapo wenzangu watakaosema kwamba hoteli huipa shule heshima. Mimi nauliza, ni heshima gani hiyo inayomwacha mwenzetu nyuma? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama wa kibandani naye ana watoto wanaotaka karo.

Ziara ya mwaka huu inakaribia. Nawaomba walimu na viongozi wa chama walifikirie jambo hili kabla ya kutangaza ada. Mimi niko tayari kula mihogo, bora rafiki yangu awe kando yangu ndani ya basi.