Kilichotangazwa kwa Wote ni cha Wote: Ilani ya Wavunaji wa Data ya Umma

Ndugu zetu waandishi wa programu, wanahabari, watafiti, walimu, na ninyi wanafunzi mnaokesha na kompyuta za kuazima: zama za taarifa zilizofungiwa ndani ya picha zimekwisha. Zimekwisha hata kama ofisi zilizozizoea bado hazijapata habari.

Kila siku serikali zetu hutangaza. Benki kuu hutoa viwango vya kubadilisha fedha. Bunge hutoa Hansard, kumbukumbu za mijadala yake. EWURA, mamlaka ya nishati ya Tanzania, hutoa bei kikomo za mafuta kila mwezi, na huko Kenya mwenzake EPRA hutoa zake kila tarehe 14. Yote yamo mtandaoni, wala si siri. Lakini mkazi wa Kigoma akitaka kujua petroli imepanda kiasi gani kwa miaka mitano, itambidi afungue faili 60 za PDF, moja baada ya nyingine, na kunakili tarakimu kwa mkono. Huyo ameonyeshwa taarifa. Hajapewa.

Tunaamini kwamba haki ya kusoma ni pamoja na haki ya kusoma kwa mashine. Programu ya kuvuna data haivunji mlango wowote. Inaomba ukurasa kama kivinjari kinavyoomba, seva inajibu kwa HTML, programu inalitafuta jedwali, inalisoma mstari kwa mstari na kuliandika upya kwenye faili la CSV, jedwali ambalo kompyuta yoyote inalisoma. Inafanya kazi ya karani, ila haisinzii wala hairuki mstari. Nyenzo zake ni za bure: lugha ya Python, na maktaba ya Beautiful Soup ambayo Leonard Richardson aliitoa mwaka 2004, zimo mikononi mwa yeyote mwenye kompyuta na bando. Sheria nazo zipo. Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya na ya 18 ya Katiba ya Tanzania zinataja haki ya taarifa. Uganda ina sheria yake tangu 2005, Kenya na Tanzania tangu 2016. Kilichobaki ni kuzitumia.

Tunaamini kwa sababu tumeshaona kwa macho yetu. Agosti 2022 Tume ya Uchaguzi ya Kenya, IEBC, ilianza kuweka kwenye tovuti yake Fomu 34A, karatasi za matokeo ya urais kutoka vituo 46,229 vya kupigia kura. Miaka mitano kabla, katika kesi ya mwanaharakati Maina Kiai, Mahakama ya Rufani ilikuwa imeamua kwamba matokeo ya kituoni ndiyo ya mwisho. Na Septemba mosi ya mwaka huo huo wa 2017 Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais, huku suala la jinsi matokeo yalivyosafirishwa likiwa katikati ya hukumu. Kwa hiyo fomu zilipofunguliwa 2022, nchi ilielewa uzito wake. Vyumba vya habari vikaanza kujumlisha. Wananchi wa kawaida wakaanza kujumlisha. Mtu aliyepiga kura kijijini aliweza kuifungua fomu ya kituo chake na kulinganisha na aliyoyasikia msimamizi wa kituo akiyasoma usiku ule.

Lakini fomu zile zilikuwa picha za karatasi zilizojazwa kwa mkono. Programu iliweza kuzipakua zote. Kuzisoma tarakimu ilikuwa kazi nyingine kabisa. Kila chombo cha habari kikaanza na fomu zake, kwa mpangilio wake na kwa kasi yake, na kwa siku kadhaa runinga moja ikamweka mgombea huyu mbele na nyingine ikamweka yule. Uvumi ukapata pa kulala. Mahakama ya Juu ilipoisikiliza kesi ya kuyapinga matokeo na fomu za tovutini kulinganishwa na karatasi halisi, haikuona tofauti kubwa, na tarehe 5 Septemba ikayathibitisha matokeo. Uwazi ule uliweka historia, na tunaupongeza bila kinyongo. Tunadai tu nusu yake iliyobaki: tarakimu ziwekwe kwenye jedwali kando ya picha, siku ile ile.

Tunakataa data ya maonyesho. Julai 2011 Rais Mwai Kibaki alizindua tovuti ya data huria ya Kenya, mojawapo ya za kwanza kusini mwa Sahara, na dunia ikapiga makofi. Kuzindua ni rahisi. Data isiyoongezewa mwezi hadi mwezi ni kumbukumbu ya sherehe.

Tunakataa pia woga wa hesabu. Mwaka 2018 Bunge la Tanzania liliifanyia marekebisho Sheria ya Takwimu, na kutangaza takwimu zinazopotosha au kupingana na zile rasmi kukawa jinai. Mwaka uliofuata kifungu hicho kikaondolewa. Hatukitaji ili kutonesha kidonda. Tunakitaja kwa sababu hofu huishi muda mrefu kuliko kifungu cha sheria, na bado wapo watafiti wanaozikalia faili zao. Ndugu, zitoeni.

Tunaamini katika swali ambalo mtoa taarifa hakulifikiria. Mwaka 2023 NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, ilitangaza kwamba haitataja tena shule kumi bora wala wanafunzi bora. Hatubishi, mashindano yale yalishakuwa biashara ya mabango ya shule binafsi. Lakini kwenye tovuti yake matokeo ya kidato cha nne yapo, kila shule na ukurasa wake, na juu ya ukurasa kuna muhtasari wa madaraja kwa wasichana na wavulana. Diwani anayetaka kujua wasichana wa kata yake wanaachwa nyuma kiasi gani, mwaka baada ya mwaka, ana jibu lililotawanyika kwenye kurasa chungu nzima. Programu moja fupi inaweza kumkusanyia kabla ya kikao cha baraza. Hapo ndipo uvunaji unapokuwa siasa, kwa maana njema ya neno hilo.

Tunakataa kuitwa wezi, na kwa sauti hiyo hiyo tunawakataa wezi waliojificha miongoni mwetu: wanaokusanya namba za simu na kuziuza, wanaopekua kurasa za watu binafsi, wanaoishambulia seva ya ofisi ndogo hadi inalala. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda data binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, nasi tunazitetea kama tunavyoitetea haki ya taarifa. Tutahesabu shule, hatutamwandama mtoto. Palipo na nywila hatuingii. Tutasoma kwanza faili la robots.txt, ambamo tovuti huziambia programu zisiingie wapi, utaratibu ambao Martijn Koster aliupendekeza mwaka 1994 na ukapata hadhi ya kiwango rasmi mwaka 2022. Programu zetu zitajitambulisha, zitapumzika kati ya ombi na ombi, na zitafanya kazi usiku seva zinapokuwa hazina watu. Na kila tukitoa jedwali tutataja anwani ya ukurasa na tarehe ya kuvuna, na tutahifadhi nakala ghafi, ili anayetushuku atukague.

Tunaamini katika siku inayokuja, na tunaiona waziwazi. Tunamwona mwanahabari wa Mtwara akiandika habari ya zabuni kwa majedwali badala ya minong'ono. Tunamwona mfanyabiashara mdogo wa Busia akijua bei za pande zote mbili za mpaka kabla hajapakia gari. Tunamwona mwalimu wa hesabu akifundisha wastani kwa mvua ya wilaya yake mwenyewe. Na tunaisikia lugha yetu. Mashine zinazojifunza kuandika zina njaa ya Kiswahili, wakati miaka na miaka ya mijadala ya Bunge la Tanzania, Kiswahili kilichonyooka, chenye utani na hasira na methali, imelala kwenye PDF. Tusipoivuna sisi, Kiswahili cha mashine kitaendelea kunuka tafsiri. Anayetaka ushahidi aiulize simu yake lolote.

Ndugu, hatuna ofisi, na hatungoji mfadhili. Wiki hii chagua ukurasa mmoja wa umma unaoujua vizuri: bei, bajeti ya halmashauri, Hansard, mvua, ajali. Uvune kwa adabu. Toa jedwali, toa na msimbo wako, ili wa Kisumu asirudie aliyoyamaliza wa Morogoro. Nanyi wasimamizi wa tovuti za umma, ambao tunawaheshimu na ambao wengi wenu mnatuunga mkono kimyakimya: wekeni CSV kando ya kila PDF, nasi kesho yake tutaacha kuzigonga seva zenu.