Jogoo Mmoja Atosha

Wahenga walinena kwamba jogoo la shamba haliwiki mjini. Lakini yeyote aliyepata kulala Kiponda au Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, anajua kuwa jogoo huwika popote, tena kabla ya adhana ya alfajiri. Linalostahili kufikiriwa zaidi ni wingi wa majogoo katika nyua zetu na hasara inayofichika humo.

Chanzo cha wingi huo ni maumbile. Kwa binadamu, mbegu ya baba ndiyo iamuayo jinsi ya mtoto. Kwa kuku mambo ni kinyume. Jogoo ana kromosomu mbili za Z, na mtetea ana Z moja na W moja. Kwa hiyo yai la mama ndilo liamualo. Kila kifaranga ana nafasi sawa ya kuwa dume au jike. Mwanafunzi akikokotoa ataona kwamba uwezekano wa vifaranga 10 kuwa majike watupu ni mara 1 tu katika 1,024. Basi aatamishaye kuku asishangae kupata mapora nusu kwa nusu.

Jogoo mmoja mwenye afya huwatosha mitetea 8 hadi 10. Wakizidi hupigana, na huwapanda mitetea mara nyingi mno hata wakanyonyoka migongo na kujeruhiwa. Aidha, hula. Tukadirie mapora 5, kila mmoja akila gramu 80 kwa siku: katika siku 90 watakuwa wamekula kilo 36, nao hawatagi hata yai moja.

Wapo watakaosema kuwa jogoo ni akiba ya mgeni na ya Sikukuu ya Idi. Sikatai. Lakini kadiri pora akomaavyo ndivyo ukuaji wake upunguavyo na nyama yake iwavyo ngumu, ilhali mlo haupungui. Akiba hiyo yataka hesabu. Mayai huatamiwa siku 21, na Idi hutangulia siku 11 hivi kila mwaka. Mfugaji aweza kupanga tangu mwanzo ili mapora wake wafike miezi minne au mitano sikukuu inapowadia, kisha awauze au awale.

Kwa wakazi wa mjini ningeshauri zaidi ya hayo. Mtetea hutaga bila jogoo. Tena yai lenye mbegu, likiachwa katika joto lipitalo nyuzi 27 hivi, huanza kukuza kiinitete na kuharibika upesi. Na joto hilo si geni Unguja. Atakaye mayai ya kula tu hana haja ya jogoo. Jirani naye atashukuru, maana mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kuwa jogoo mkuu huanza kuwika na wengine hufuata kwa daraja zao. Majogoo wanne katika kichochoro ni kwaya kamili.

Huko Makunduchi au Mkokotoni, abakizwe mmoja aliye bora, kisha abadilishwe na wa kijiji kingine kabla hajawapanda binti zake. Mgeni huyo atengwe wiki mbili hadi tatu, naye awe amechanjwa dhidi ya mdondo, usije ukafagia kundi zima.

Katika viwanda vikubwa vya kutotolea kuku wa mayai duniani, vifaranga madume huuawa siku ya kwanza. Ujerumani ilipiga marufuku jambo hilo kuanzia mwaka 2022. Kuku wetu wa kienyeji ana nafuu: dume wake hufaa kwa nyama. Kumwachia nafuu hiyo ipotee ni uzembe wetu.

Walimu wa sayansi na wawape wanafunzi kazi hii: kila mmoja aandike tarehe ya kutotolewa, idadi ya madume na majike, na chakula kinachotumika. Daftari 20 zikijumlishwa, darasa litaona iwapo nusu kwa nusu ni kweli, na kila nyumba itajua jogoo yupi anailisha na yupi anailia.