Tuache Kukata Mashamba, Tujenge Palipokatwa

Mwaka 1985 kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kilitoa mbegu ya Ruiru 11, inayohimili chulebuni na kutu ya majani. Mbegu hiyo ililibeba jina la mji wetu hadi kwa wakulima wa mbali. Leo mgeni akija Ruiru kuulizia kahawa, ataonyeshwa ploti. Hata mji mpya wa Tatu City umesimama palipokuwa na mibuni.

Sikatai kwamba watu wanahitaji makao. Hesabu ya watu ya 2009 ilikuta mji wa Ruiru una watu 238,858. Ya 2019 ikakuta 490,120. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika 2012, Nairobi ilitusogelea mlangoni. Lakini tembeeni kutoka Ruiru hadi Thika mtazame ploti za futi hamsini kwa mia zenye bikoni na magugu tu. Zilizokatwa hazijajengwa, nasi twang'oa mibuni mingine! Ndiyo maana nasema: Kaunti ya Kiambu isimamishe kwa muda ukataji wa mashamba mapya kuwa ploti.

Najua watakaoingiwa na hofu: fundi, mtu wa mkono, mchonga mawe wa Ndarugo, dereva wa lori la mchanga. Hofu yao ni ya haki, maana hula walichokichuma siku hiyo. Lakini ndugu fundi, ploti iliyonunuliwa ikaachwa imekulipa nini? Aliyeshiba ni dalali. Riziki yako imo katika msingi unaochimbwa na ukuta unaopanda.

Zuio tupu, hata hivyo, litampandishia bei mwenye ploti na kumwacha fundi na njaa. Basi liandamane na mambo matatu: kodi ya ardhi izidi kwa ploti inayokaa bure, vibali vya kujenga palipokwisha kukatwa vitoke upesi, na mabomba ya majitaka, mitaro na madarasa yaanze kujengwa sasa. Kazi zote hizo zataka mikono ileile ya fundi.

Katiba yetu, kifungu cha 60, inaagiza ardhi itumiwe kwa haki, kwa tija na kwa namna endelevu. Mbuni hung'olewa asubuhi moja, na kuupanda hadi uzae ni miaka. Viongozi, simamisheni. Wenye ploti, jengeni. Nawe fundi, dai kazi katika ardhi iliyokwisha kukatwa, ili mwanao naye akute shamba la kumlisha.