Hataza ya Hass: mgunduzi aliambulia kidogo

KATIKA Wilaya ya Rungwe, parachichi aina ya Hass sasa linatajwa pamoja na chai na ndizi kama zao la kumpatia mkulima fedha. Biashara ya miche nayo imefuata. Lakini wengi hawajajiuliza: mti huu ni mali ya nani?

Jibu linaanzia California, Marekani. Rudolph Hass, mpeleka barua wa posta, alikuwa na mti uliochipua kutokana na mbegu aliyopanda. Mwaka 1935 alipata hataza ya mti huo, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasiuzalishe bila idhini yake. Hata hivyo, wakulima walinunua mche mmoja tu, kisha wakakata vikonyo vyake na kubebesha shamba zima. Inakadiriwa kuwa katika miaka 17 ya hataza hiyo Hass alipata dola 5,000 tu. Muda ulikwisha mwaka 1952, mwaka ambao yeye mwenyewe alifariki.

Kwa hiyo leo Hass ni mali ya wote. Mkulima wa Katumba anaweza kubebesha miche yake bila kumlipa mtu. Mwenye kitalu anaweza kudai bei ya kazi yake na ubora wa mche, lakini si hataza ya Hass.

Kwa mbegu mpya hali ni tofauti. Nchini kwetu aina za mimea hazipewi hataza. Zina sheria yake ya mwaka 2012, inayolinda haki za wagunduzi wa mbegu na kusimamiwa na wizara ya kilimo. Aina hiyo lazima iwe mpya, itofautiane na zilizopo, ifanane mche kwa mche na isibadilike inapozalishwa tena. Mashine, kwa mfano ya kukamua mafuta ya parachichi, ndiyo huombewa hataza BRELA, au kupitia ARIPO yenye makao makuu Harare, Zimbabwe.

Hapa ndipo watafiti wetu, wawe Uyole au katika vyuo vikuu vya Mbeya na Morogoro, wanapopaswa kuwa makini. Mashine ikishaelezwa kwenye semina au jarida kabla ya ombi kupelekwa, inaweza kuhesabiwa si mpya tena, na hataza ikakosekana. Ombi litangulie, hotuba ifuate.

Mfanyabiashara naye akumbuke kwamba hataza hulinda pale ilipotolewa tu. Mashine yenye hataza ya Ulaya peke yake hailindwi Tanzania, lakini aliyeiga hawezi kuipeleka Ulaya kuiuza.

Na mkulima anayeombwa vikonyo vya mti wake bora kwa ajili ya utafiti asitoe kwa maneno matupu. Waandikiane kwanza: aina ikipatikana nani ataimiliki, na mwenye mti atapata nini. Hass alikuwa na karatasi mkononi na bado aliambulia kidogo. Asiye nayo atadai wapi?